Picha za Kale za Fonografu na Watu Wake

Katika nchi za Marekani na Uingereza wako watu wengi wapendao kukusanya vitu vya kale. Mmoja hukusanya sarafu, mwingine stempu, mwingine saa za ukutani. Wako na wengine ambao kazi yao kwanza yaweza kuonekana ndogo sana: wao hukusanya picha za zamani zinazoonyesha watu pamoja na mashine za kwanza za kunasa sauti na kuitoa tena. Mashine hizo ziliitwa fonografu. Katika picha moja utaona mume na mke wameketi barazani, na fonografu iko kati yao juu ya meza, kama mtoto wa nyumba. Katika nyingine utaona kijana amevaa nguo zake njema, ameweka mkono juu ya mashine, naye hacheki kabisa.

Watu hao walikwisha kufa zamani, na majina ya wengi hayajulikani. Basi kwa nini mtu atoe fedha zake anunue picha ya watu asiowajua, tena wenye mashine isiyotumika siku hizi? Twataka kulijibu swali hili, maana jawabu lake latuhusu sisi pia, kila mtu aliye na picha za wazee wake ndani ya sanduku.

Kwanza yafaa tujue fonografu ilikuwa kitu gani. Aliyeibuni ni Thomas Alva Edison, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1847. Karakana yake ilikuwa mahali paitwapo Menlo Park, katika jimbo la New Jersey, na fundi wake John Kruesi ndiye aliyeunda mashine ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1877. Kazi yake si vigumu kuifahamu. Mtu akisema mbele ya kiwambo chembamba, kiwambo hutetemeka, kama ngozi ya ngoma inavyotetemeka ikipigwa. Nyuma ya kiwambo palikuwa na sindano, na mbele ya sindano palikuwa na gogo dogo la chuma lililofunikwa bati jembamba kama karatasi. Gogo lilizungushwa kwa mkono, na sindano ikakandamiza bati, hapa sana na hapa kidogo, kwa kadiri ya mtetemeko wa sauti. Kisha sindano ilirudishwa mwanzo, ikapita tena katika njia ile ile. Safari hii bati ndilo lililoitetemesha sindano, na sindano ikakitetemesha kiwambo, na maneno yakasikika. Edison alipewa hati ya kuulinda uvumbuzi huo tarehe 19 Februari 1878.

Mwezi wa Aprili mwaka huo huo alikwenda Washington, mji mkuu wa Marekani, kuwaonyesha wakubwa mashine yake. Alipokuwa huko alipigwa picha katika studio ya Mathew Brady, yule aliyekuwa mashuhuri kwa picha za vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hata 1865. Katika picha hiyo Edison ni kijana wa miaka 31, ameketi kando ya meza, na juu ya meza iko fonografu yake. Picha hiyo ingalipo, na mtu akiitazama aweza kuuona uso wake waziwazi.

Lakini sauti za siku zile ziko wapi? Hapa ndipo penye ajabu. Bati lile lilikuwa laini mno. Lilipochezwa mara chache tu lilichakaa, na lilipotolewa katika gogo lilikunjika na kupasuka, basi watu waligawana vipande kuwa ukumbusho. Maneno aliyoyasema Edison mwaka 1877 hayakubaki. Yale yanayosikika leo yakidaiwa kuwa ndiyo, aliyasema upya mwaka 1927, alipokuwa mzee wa miaka 80. Bati moja lililonaswa katika mji wa St. Louis mwezi wa Juni 1878 lilihifadhiwa, nalo halikuweza kuchezwa kwa sindano tena pasipo kuharibika. Mwaka 2012 wataalamu wa Berkeley katika jimbo la California walilipima kwa nuru, pasipo kuligusa, wakatoa ndani yake mlio wa tarumbeta, na sauti ya mtu akisema mashairi ya watoto, na kicheko. Ilichukua miaka 134 kuipata sauti hiyo moja, na picha ya Brady ilikuwa inaonekana siku zote.

Baada ya bati ilikuja nta. Chichester Bell na Charles Sumner Tainter, waliofanya kazi Washington, walipewa hati mwaka 1886 kwa njia yao ya kuchora sauti katika nta. Edison naye aliirudia kazi yake akatengeneza fonografu ya nta, na mwezi wa Juni 1888 alipigwa picha nyingine iliyo mashuhuri sana. Ameinamia mashine, nywele zimevurugika, macho yamechoka, na watu walisimulia kwamba alikuwa amefanya kazi siku tatu pasipo kulala. Huenda alichoka kweli. Walakini picha hiyo ilitumiwa sana kuitangaza mashine kwa wanunuzi. Basi hili ndilo funzo la kwanza la mkusanyaji: picha haipigwi bila sababu. Kila mara yafaa kuuliza ni nani aliyetaka ipigwe, na alitaka nani aione.

Fonografu ya nta ilikuwa na jambo moja ambalo santuri zilizokuja baadaye hazikuwa nalo. Santuri bapa zilitokana na kazi ya Emile Berliner, aliyepewa hati yake mwaka 1887. Mwenye mashine ya santuri alinunua sauti iliyokwisha kunaswa na kampuni, akaisikiliza. Lakini mwenye fonografu aliweza kunasa mwenyewe. Alinunua silinda tupu ya nta, mfano wa gilasi isiyo na kitako, akaiweka katika mashine, akamwita mtoto wake aimbe, au mama yake mzee aseme neno, kwa muda wa dakika mbili hivi. Kisha aliwasikilizisha jirani. Tena nta iliweza kukwanguliwa ikawa laini, ikatumiwa upya. Kwa hiyo sauti ya bibi ilikwanguliwa ili kuipa nafasi sauti ya mjukuu, na sauti ya mjukuu ilikwanguliwa naye alipokua. Silinda zilizopona zilivunjika zilipoanguka, au zililiwa na ukungu. Sasa twaanza kuelewa kwa nini picha ile ya mume na mke barazani ina thamani. Yawezekana sana kwamba watu hao waliziacha sauti zao ndani ya mashine ile, na picha ndiyo shahidi pekee aliyebaki.

Mkusanyaji hodari huisoma picha kama mtu asomavyo barua. Huanza na karatasi yenyewe. Picha nyingi za miaka ya mwisho ya karne ya 19 zilibandikwa juu ya kadi nene, na mara nyingi jina la mpiga picha na mji wake lilichapwa chini yake. Baadaye picha nyingi zilichapwa juu ya kadi za posta. Upande wa nyuma wa kadi hizo una habari njema: katika Marekani, mpaka mwezi wa Machi 1907, upande ule uliruhusiwa kuandikwa anwani tu. Tangu hapo ulipigwa mstari katikati, nusu ya anwani na nusu ya maneno. Uingereza iliruhusu jambo hilo mapema zaidi, mwaka 1902. Basi mkusanyaji akiona kadi ya Marekani yenye mstari, ajua kwamba haikuchapwa kabla ya wakati huo.

Kisha huitazama mashine. Kama watu wameshika masikioni mirija ya kusikilizia, inayotoka katika mashine kama mizizi ya mti, picha hiyo yaelekea kuwa ya miaka ya 1890, wakati mashine zilipotembezwa katika maonyesho na watu wakalipa kidogo wasikilize. Katika mji wa San Francisco, tarehe 23 Novemba 1889, Louis Glass aliweka katika baa moja mashine iliyosikika kwa mtu aliyetia sarafu tundu lake, na desturi hiyo ilienea upesi. Baadaye pembe za kutolea sauti zilishika nafasi ya mirija, na pembe zenyewe zilizidi kuwa kubwa, hata nyingine zilifanywa kwa umbo la ua lililofunuka, zikapakwa rangi nzuri. Mwaka 1906 kampuni ya Victor ilianza kuuza mashine ambayo pembe yake imefichwa ndani ya kabati. Basi mtu akikuonyesha picha yenye kabati ya namna hiyo akakuambia ni ya mwaka 1895, wajua mara moja kwamba amekosea.

Lakini hapa pana hatari. Mashine yatuonyesha kwamba picha haikupigwa kabla ya mwaka fulani. Haituonyeshi kwamba haikupigwa miaka mingi baadaye. Mtu maskini aliyenunua fonografu mwaka 1900 aliweza kuwa nayo mwaka 1920, akapigwa picha nayo. Ndiyo maana mkusanyaji hutazama pia nguo, viatu, taa na viti, kisha huviweka vyote pamoja kama hakimu awekavyo maneno ya mashahidi wengi.

Tena pana swali la mwenye mali. Mtu aliye kando ya fonografu si lazima kuwa ndiye mwenyewe. Wapiga picha wa nchi nyingi waliweka vitu vizuri katika studio zao ili wateja wapendeze. Twaujua mfano mmoja ulio wazi kutoka Afrika, ingawa ni wa wakati wa baadaye: Seydou Keïta, aliyefungua studio yake katika mji wa Bamako mwaka 1948, alikuwa na redio, saa na nguo za kizungu ambazo wateja wake waliazima kwa ajili ya picha. Hakuna udanganyifu hapo. Mteja alitaka kuonekana kama atamanivyo kuwa, na tamaa hiyo nayo ni habari ya kweli juu yake. Walakini mwandishi wa historia asiandike “huyu ndiye mwenye mashine” mpaka awe na ushahidi mwingine.

Tutazame sasa mifano miwili mashuhuri, tuone jinsi ukweli unavyoweza kupotea hata picha ikiwa wazi.

Mfano wa kwanza ni wa mbwa. Wasomaji wetu wengi wameiona alama ya mbwa mweupe mwenye masikio meusi, ameinamisha kichwa mbele ya pembe ya gramafoni, na chini yake maneno ya Kiingereza yenye maana ya Sauti ya Bwana Wake. Alama hiyo ilifika mpaka kwetu, kwani mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walikwenda Bombay kuimba katika santuri za kampuni iliyoitumia. Mbwa huyo aliitwa Nipper, naye alikufa mwaka 1895. Mchoraji Francis Barraud wa Uingereza alimchora baada ya kufa kwake. Lakini katika mchoro wa kwanza Nipper hakusikiliza gramafoni hata kidogo. Alisikiliza fonografu ya silinda. Barraud alishindwa kuuza mchoro huo kwa wenye fonografu. Mwaka 1899 alikwenda kwa kampuni ya gramafoni mjini London kuazima pembe ya shaba, ili pembe ya mchoro wake ipendeze zaidi. Meneja William Barry Owen alimwambia kwamba kampuni itaununua mchoro kama akiifuta fonografu na kuchora gramafoni mahali pake. Alifanya hivyo, akalipwa paundi 50 kwa mchoro na 50 nyingine kwa haki ya kuutumia. Iko picha ya kamera iliyopigwa kabla rangi mpya haijapakwa, nayo yaonyesha fonografu ya kwanza. Ulimwengu mzima waujua mchoro uliobadilishwa, na picha hiyo ndogo ndiyo inayosema jinsi mambo yalivyokuwa.

Mfano wa pili una uzito zaidi, maana ni wa heshima ya mtu. Mwaka 1916, mjini Washington, palipigwa picha ya watu wawili na fonografu. Mmoja ni Frances Densmore, mwanamke Mmarekani aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kunasa nyimbo za wenyeji wa asili wa Marekani, zaidi ya silinda elfu mbili. Wa pili ni mzee wa kabila la Blackfeet aliyeitwa Mountain Chief, amevaa kilemba cha manyoya na vazi la heshima la watu wake. Picha hiyo imechapwa mara nyingi sana, na mara nyingi maneno yaliyowekwa chini yake yamesema kwamba bibi yule anainasa sauti ya mzee.

Sivyo ilivyokuwa. Maelezo yaliyohifadhiwa pamoja na picha hiyo yasema kwamba mzee anasikiliza. Mashine inatoa wimbo uliokwisha kunaswa, naye anaufasiri maana yake kwa ishara za mikono, lugha waliyoitumia watu wa makabila mbalimbali ya nyanda zile kusemezana pasipo kujua ndimi za wenzao. Msomaji na apime tofauti yake. Katika habari ya kwanza mzee ni mtu anayechukuliwa kitu, na mwenye maarifa ni yule aliye na mashine. Katika habari ya kweli mwenye maarifa ni mzee. Mashine yatoa sauti, lakini haijui maana yake. Yeye ndiye ajuaye, naye ndiye afundishaye. Picha ni ile ile, wala haikubadilishwa hata nukta moja. Mstari mmoja wa maandishi chini yake umemgeuza mwalimu kuwa kitu cha kutazamwa.

Jambo kama hili liko karibu na kwetu pia. Mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji vilikuwa havijasahauliwa hata kidogo, alikuja Lindi Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig. Alisafiri mpaka Masasi na Newala na nchi ya Wamakonde, naye alichukua kamera na fonografu pamoja na silinda za nta. Wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi, nao waliimba mbele ya pembe. Silinda zake ziliingia katika hazina ya sauti ya Berlin iliyoanzishwa mwaka 1900, na mwaka 1909 mtaalamu Erich von Hornbostel aliandika juu ya nyimbo hizo za Wanyamwezi. Mwaka 1999 shirika la UNESCO liliziandika silinda za kale za hazina ile ya Berlin katika orodha ya kumbukumbu za ulimwengu.

Weule alitoa kitabu chake mwaka 1908, chenye picha nyingi. Mnyapara wa wapagazi wake twamjua kwa jina, aliitwa Pesa Mbili, kwa kuwa Weule aliliandika. Lakini picha nyingi zina maandishi ya kabila au ya kazi tu, kwamba huyu ni mwanamke wa Kimakonde, na hawa ni wapigaji ngoma. Kila mmoja wao alikuwa na jina lake, na ukoo wake, na watu waliomlilia alipokufa. Kuandika jina kungalichukua muda mfupi kuliko kuitengeneza kamera. Jina lile lisipoandikwa siku ile, hakuna chombo cha nuru cha Berkeley kiwezacho kulitoa katika picha leo.

Hili ndilo jawabu letu kwa swali la mwanzo. Wakusanyaji wa picha hizi wanajaribu kuwarudishia watu heshima yao: kujua ni nani, alikaa wapi, alikuwa na kitu gani, na alikuwa akifanya nini hasa wakati kamera ilipofunguliwa jicho lake. Mara nyingi huchelewa miaka mia, nao hulipa fedha nyingi kuipata habari ambayo jamaa za mtu yule wangaliweza kuiandika bure.

Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha ni mali. Katika nyumba nyingi za vijijini ziko picha za babu aliyesimama kando ya gramafoni, au ya redio, au ya baiskeli, na mtu mmoja tu katika ukoo akumbuka kama kitu kile kilikuwa chake au aliazima, na wale wawili walio nyuma yake ni kina nani. Mtu huyo mara nyingi ni mzee sana. Twawasihi wasomaji wetu wachukue picha hizo wakamwulize. Majibu yaandikwe nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, pasipo kukandamiza, kwa sababu wino huweza kupenya ukatokea usoni. Yaandikwe majina kamili, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha mahali, na mwaka. Kama mwaka haujulikani hakika, iandikwe “karibu na” mwaka fulani, ili atakayesoma asidanganyike. Tena iandikwe yule mtu alikuwa akifanya nini. Kama alikuwa akisikiliza, iandikwe kwamba alikuwa akisikiliza.